Kompresa ya Taa na Noti ya Bi Mkubwa

Kompresa yangu ni moja tu, nzito kama kiroba cha unga, na ukiiwasha inabidi uisubiri ipate moto kabla hujaipa kazi. Naisema mwanzoni kabisa ili anayesoma ajue wivu wangu unaanzia wapi. Wenzangu wanaona wivu kwa nyumba, kwa gari, kwa mume wa mtu. Mie nimeuona kwa mabati ya zamani yenye mishale ya kupimia sauti, na sioni haya kusema.

Kwa asiyejua, kompresa ni mashine ya studio inayoshika sauti isiruke. Mwimbaji akinong'ona, inamwacha. Akipaza, inamrudisha chini kidogo asije akaharibu rekodi au kumpasua mtu sikio. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta, na vijana wengi wanaorekodi singeli huko Temeke hawajawahi kuigusa ya chuma. Wala siwalaumu, muziki wao unakwenda mbio na wao wanakwenda nao. Lakini sie tuliojifunzia kwenye mashine za zamani tunajua kila moja ina tabia yake. Ya transista ina haraka na ina hasira, inaikamata ngoma kabla haijamaliza kulia. Ya balbu za kioo ni ya polepole na ina joto, inafaa kuwaunganisha wapigaji wote wakasikika kundi moja. Halafu kuna ya taa, ambayo ndiyo yangu. Ndani yake kuna taa ndogo na jicho linaloitazama ile taa. Sauti ikipanda taa inawaka zaidi, jicho linaona, mashine inashusha. Haina papara hata kidogo. Ukiiwekea ngoma inachelewa, ngoma imeshapita zamani. Ukiiwekea sauti ya mtu mzima anayejua kuimba, unasahau kama ipo.

Niliipata kwenye studio ya kanisa moja huko bara, siku walipokuwa wanaifunga na kugawa vitu. Wengine waligombania viti na spika. Mie nikabeba ile. Tangu hapo inakaa Kimara, kwenye chumba cha uani nilichokizungushia magodoro, na kwa kuwa ni moja, sijawahi kuchagua mashine ya kufaa chombo. Nachagua chombo cha kufaa mashine. Besi ikija pamoja na mwimbaji, besi inakaa bila. Udi ukija na sauti, udi unanivumilia. Kinanda ndiyo kabisa, sikiulizi hata kinapenda nini.

Mwenye nyingi yuko Msasani. Namwita braza, ingawa hatuna undugu wowote. Tulifanya kazi pamoja kwenye studio moja ndogo Kinondoni, tukila chipsi kwenye mfuko mmoja na kugombania kiti kimoja chenye magurudumu. Yeye alikuwa na sikio zuri, nami nilikuwa nalo, na ukiniruhusu nijisifu, kwenye sauti za watu la kwangu lilikuwa zuri zaidi. Yeye mwenyewe alikuwaga akilisema hilo. Baadaye akapata mshirika mwenye uwezo, akahamia Msasani, akaanza kukusanya mashine za zamani kutoka kila pembe. Nilipokwenda kumpongeza hakunikalisha hata sebuleni. Alinipeleka moja kwa moja ukutani.

Ukuta mzima, jamani. Zimepangwa kuanzia chini mpaka usawa wa macho yangu, zimepanguswa vumbi, mishale imelala pamoja upande mmoja. Chumba kizima kilikuwa na ile harufu ya vumbi lililopata moto, harufu ambayo mie nikiisikia nasikia njaa. Braza akawa ananionyesha moja moja, taratibu, kwa kidole.

"Hii ya transista naiwekea ngoma na dumbaki," akaniambia. "Ukiiwekea sauti ya mtu inamkaba koo. Hii ya balbu naiacha mwisho, wote wanapita hapo kabla ya kutoka. Ile ndogo ni ya besi, sijui walioitengeneza walikusudia nini, ila besi inaipenda."

"Na hii?"

"Hiyo ya taa, sista. Ndugu wa yako. Ila mie ninazo mbili."

Mbili. Alilisema bila kuringa hata chembe, na hapo ndipo aliponimaliza. Mtu akiringa unapata pa kumshika, unamsema njiani mpaka unafika kwako umepoa. Braza haringi. Alinikaribisha chai, akaniulizia watu wa nyumbani, akaniambia nikitaka kuazima yoyote nimpigie simu tu. Nikamjibu hongera sana braza, Mungu akuzidishie. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilipofika Kimara nikaitazama ya kwangu, nikaiona ina kutu ambayo jana sikuiona. Nikaifunika khanga.

Nilijikaza kisabuni, maana kulikuwa na kitu kimoja ninacho mie na yeye hana. Nilikuwa na bi mkubwa.

Bi mkubwa ni mwimbaji wa taarabu wa Temeke, mtu mzima, wa familia ya Kiarabu yenye duka la rejareja pale tangu enzi za wazee wao. Ukienda mchana utamkuta nyuma ya mizani anapima sukari na kuwagombeza wanaobonyeza maembe bila kununua. Ukienda kwenye harusi utamkuta jukwaani, na utashangaa kama ni mtu yule yule. Sauti yake ni nene, ya chini, inakwenda kwa utulivu ubeti hadi ubeti. Halafu kuna mahali katika ubeti wa mwisho inanyanyuka bila kukuaga. Hapo wanawake wanainuka vitini kama waliofinywa.

Mie mambo ya harusi zile nilikuwa siyajui. Mie mtu wa bara, mtoto wa mwalimu, nimelelewa kwenye kwaya. Kwetu mwimbaji akiimba unatulia, ukikohoa tu unatazamwa. Kwa hiyo bi mkubwa alipokuja Kimara mara ya kwanza, nikamsimamisha mbele ya maiki, nikafunga mlango, nikakaa upande wangu wa kioo nimekunja mikono, kimya, kwa heshima zote nilizofundishwa na mama yangu. Akaimba vizuri. Akafika pale pa kunyanyuka, hakunyanyuka. Tukarudia, ikawa vile vile. Nikadhani kompresa ndiyo inamkandamiza, nikazungusha kila kinachozunguka. Nikabadilisha maiki. Nikasogeza godoro. Mwishowe akavua hedifoni, akafungua mlango mwenyewe, akaja kusimama mbele yangu.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole kabisa, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama."

"Basi mbona umeninunia? Nakuimbia tangu asubuhi, huinuki, hutikisiki, hunitunzi. Umekaa kama uko msibani."

Nikamuuliza kutunza ndiko kufanyaje, akajua sijui. Akacheka, akakaa kwenye kiti changu, akanieleza. Kwenye taarabu aliyeguswa haoni haya. Anainuka, anakwenda mbele akicheza, anampa mwimbaji noti mkononi, anarudi kwake akicheza vile vile. Huko ndiko kutunza. Siyo malipo, malipo yapo mbali. Ni kumwambia mwimbaji kwamba limefika, ongeza. Na maisha yake yote ya kuimba, pale pa kunyanyuka pamekuwa ndipo watu wanapokuja mbele. Sauti yenyewe imezoea kupokelewa, haipandi mahali ambapo hakuna anayeifuata.

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Tukaanza upya. Alipokaribia ubeti wa mwisho nikavua ndala zisipige kelele, nikafungua mlango taratibu, nikaingia pekupeku nikicheza, maana kutunza huendi unatembea kama unayekwenda dirishani benki. Nikamwekea noti kiganjani. Sauti ikapanda, nikasahau mguu upi unafuata.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Anayecheza ndani ndiye huyo huyo aliyepaswa kuwa nje ameshika sauti kwa mkono. Ikipanda vile na kwenye meza ya kurekodia hakuna mtu, rekodi inapasuka. Ndiyo maana nasema niliijua thamani ya mashine yangu siku hiyo. Niliiweka ishike taratibu na iachie taratibu zaidi, nikamkabidhi bi mkubwa kwake, nikaenda kucheza. Ya transista isingeniweza, ingemrukia kwenye neno la kwanza. Ya taa ilimpokea alivyokuja. Hata hivyo sikuiamini sana. Nilikuwa namtunza huku jicho moja liko kwenye kioo natazama mshale kule upande wa pili, na noti ikishatua mkononi mwake narudi mbio mezani kabla ubeti haujaisha.

Tukimaliza, bi mkubwa ananirudishia noti. Kila mara. "Shika hela yako ya kazi," anasema, nami naitia kwenye droo mpaka wimbo mwingine. Ilikuwa noti ile ile siku zote, imelegea ikawa laini kama leso iliyofuliwa sana. Ukawa mchezo wetu, na nyimbo zile zikapigwa kwenye kila harusi, na braza akanipigia simu kutoka kwenye ukuta wake wa mashine.

"Sista, yule bi mkubwa unampitishia kwenye nini?"

"Ya taa tu, braza. Hamna kingine."

Nikakata simu nikacheka peke yangu uani. Hata wenye mbili mbili wanauliza kwa wenye moja.

Basi siku moja bi mkubwa akaniita Temeke. Nilimkuta dukani, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, kaa. Akanimiminia kahawa, akaniwekea kashata, na mie nikajua kuna neno, kwa sababu bi mkubwa kashata zake huwa anaziuza.

Akaniambia Mungu akipenda anakwenda Makka, na akirudi haimbi tena. Atakaa na duka lake na ibada yake. Lakini kabla ya kuondoka anataka kuacha wimbo mmoja mrefu, na kundi zima nyuma yake, fidla, kodiani, udi, vyote vinapigwa pamoja, kama ilivyo ukumbini. Watoto wa dada yake wameshapanga kila kitu.

"Tunakwenda Msasani, mwanangu. Kwako tunabanana. Mara ya mwisho mpiga fidla alimchoma mwenzie na upinde."

Alikuwa anasema kweli. Chumba changu hakichukui kundi. Nikamwambia sawa mama, hamna shida, kule kuna nafasi, na braza ni mtu mzuri. Nilimeza ile kashata kavu kavu. Hapo dukani, katikati ya magunia ya mchele, nilizielewa nyimbo zote za ukewenza nilizowahi kurekodi. Nilikuwa nazisikiliza kwa ajili ya mshale tu. Kumbe ni hivi wanavyosikia, unaambiwa kwa adabu, unapewa na kahawa juu, na unatakiwa ushukuru.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Nilimwonea wivu braza, nikawaonea wivu wapiga fidla, nikauonea wivu ukumbi wake wa sakafu ya mbao. Kibaya zaidi, nikawa namchagulia bi mkubwa mashine. Niko jikoni nakaanga vitunguu, kichwa kiko Msasani. Leo braza atakuwa amemweka kwenye ya balbu, nikawaza, na atamfanya mzito kama uji uliolala. Au mshirika wake atataka mambo ya kisasa, wamtie kwenye ya transista wamnyonge. Vitunguu vikaungua. Nikawaza zile mbili za taa, na hilo ndilo nilikuwa nalikwepa, kwa sababu nilijua zingemfaa. Sauti ya mwisho ya bi mkubwa ingebaki duniani, na mikono iliyoishika isingekuwa yangu. Hilo tu ndilo lililokuwa linanila.

Halafu simu ikaita, asubuhi, ni braza.

"Sista, naomba uje. Bi mkubwa haimbi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anaimba, ila haimbi. Wewe njoo tu. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kundi, kesho wanatawanyika."

Roho yangu ilicheka. Sitakudanganya, ilicheka mpaka nikauziba mdomo asinisikie. Nikavaa gauni langu la kutokea. Nikaifungua mashine kwenye nyaya zake, nikaifunga kwenye khanga. Nikafungua droo nikachukua na noti yetu, kwa mazoea, kama fundi anavyochukua bisibisi. Njia nzima kutoka Kimara mpaka Msasani niliipakata ile kompresa kwenye bajaji, dereva ananiuliza kama ni mashine ya kusaga, na mie sijali, najipangia namna nitakavyoingia. Wataniomba mashine. Wataniomba na mikono. Na mie sitaringa, nitafanya kama braza.

Nilipofika nikaiweka mashine mlangoni, pale viatu vinapoachwa. Hakuna aliyeniuliza ni nini. Braza alikuwa amechoka, akanivutia kiti na kunisikilizisha walichorekodi. Na mie nilikuwa nimekuja kusikia makosa, nikasikia kazi. Kwenye ya transista sauti ilikuwa na kucha, kila neno linakukwaruza, na yeye mwenyewe akakiri ile hapana. Kwenye ya balbu ilikuwa tamu, tamu kupita kiasi, umesikia sukari hujasikia mdalasini. Halafu akanipigia ya taa. Alikuwa amezifuatanisha zote mbili, ya kwanza inashika nusu, ya pili inamalizia nusu iliyobaki, hakuna inayojichosha. Nilitamani nione kasoro. Sikuiona. Alikuwa amemchagulia vizuri kuliko ambavyo ningeweza kumchagulia mie, kwa sababu ya pili sina.

"Unasikia?" akaniuliza. "Kila kitu kipo, ila pale mwisho hapapandi. Nyimbo zako zote zinapanda. Nimejaribu mpaka nimechanganyikiwa. Au ni ile mashine yako ina kitu?"

Nikatazama kioo. Bi mkubwa alikuwa peke yake kwenye kichumba chake cha pembeni, amesimama mbele ya maiki, hedifoni juu ya mtandio. Wapigaji wako ukumbini, wameinamisha vichwa kwenye vyombo vyao, mikono yao ina kazi. Watoto wa dada yake wamekaa nyuma yetu, wamezima simu, hawapumui, kwa sababu juu ya mlango kuna taa nyekundu na braza amewaambia ikiwaka mtu asiingie wala asitikisike. Mtu wa bara mwenzangu, amemheshimu bi mkubwa kwa kunyamaza. Na tuzo huwezi kuiomba, ukiiomba siyo tuzo tena. Mashine zote zile zilikuwa hazina cha kushika.

Nilijua pale pale. Na nilijua na kingine, kwamba nikisema neno moja tu, braza, mashine zako hazimpendi, mlete Kimara, angekubali. Alikuwa ananiamini. Wangelirekodi kundi hapa, sauti ije kwangu. Bi mkubwa angerudi kwenye magodoro yangu, na sauti ile ya mwisho ingekuwa yangu mpaka siku ya kiama. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, limekaa juu ya ulimi.

"Mpe mara moja, nimsikie," nikasema, ili nipate muda.

Taa nyekundu ikawaka. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuwasema wenye husuda, maana hata kwenye kuaga bi mkubwa alitaka aondoke amempa mtu za uso. Nikakaa nikiusikiliza, kila neno linanipata. Akaenda ubeti hadi ubeti, kwa utulivu wake. Ulipokaribia wa mwisho, nikaona mkono wake wa kulia unasogea kutoka kiunoni. Ukafunguka kidogo, kiganja juu. Sidhani kama alijua. Ulikuwa umezoea tu kwamba hapo kinawekwa kitu.

Mkono ule naujua mie. Nilikuwa na wivu na kila kilichomo ndani ya jengo lile, hadi vitasa vya milango, lakini sikuweza kukaa pale nitazame mkono ule unajifunga mtupu. Nikainuka.

"Sista, taa inawaka," braza akanishika gauni.

"Iache iwake."

Nikafungua mlango wa kichumba, nikaingia nikicheza. Ndala sikuvua, hata pale mlangoni sikukumbuka. Bi mkubwa akaniona, akacheka kwa macho bila kukata neno, na nilipomwekea noti kiganjani akakifunga, na sauti ikanyanyuka.

Mwili wangu ukageuka kwenda mlangoni, kama ulivyozoea, kukimbilia mshale. Nikakumbuka mshale siyo wangu. Meza siyo yangu, kioo siyo changu, hakuna kitu chochote upande wa pili kinachonisubiri. Sikuwa na pa kukimbilia. Basi nikabaki. Miaka yote ile nilikuwa nimeisikia sauti hiyo ikipita kwenye nyaya, au nikiwa nageuza kisogo. Siku hiyo niliisikia ikitoka kifuani kwa mtu, hatua moja mbele yangu, haina mashine wala nini, na nikamchezea mpaka ubeti ukaisha na kodiani ikachukua. Mlango ukafunguka nyuma yangu, wale watoto wa dada yake wakaingia na noti zao, machozi yanawatoka. Taa nyekundu ikawa ya mapambo.

Baadaye sote tukabanana kwenye chumba cha braza kusikiliza. Alikuwa hajaigusa ile jozi ya taa. Sauti ilipopanda, mshale wa kwanza ukainama, wa pili ukainama nyuma yake, taratibu, kama wanaopishana mlangoni. Sijawahi kumrekodi hivyo. Nasema ukweli unaoniuma, sijawahi, na kwa mashine moja nisingeweza.

Halafu pale bi mkubwa alipovuta pumzi baada ya kunyanyuka, mashine zikaachia kama zinavyoachia, zikainua kila kilichokuwa kidogo chumbani, na ndala zikasikika. Pa, pa, pa, kwa mdundo kabisa.

"Nini hicho?" braza akauliza.

"Mie," nikasema.

Akaweka mikono kichwani. Akamgeukia bi mkubwa kwa adabu, akamwomba warudie mara moja tu, sista avue viatu. Bi mkubwa alikuwa ameshaanza kujifunga mtandio wake vizuri.

"Mie nimemaliza, baba. Wimbo wa wenye husuda, na wao wasikike."

Watu wakacheka. Mie nikacheka nao, na mpaka leo sijui alikuwa ananitania au alikuwa ananisema.

Nilimfuata mlangoni. Alikuwa anatafuta viatu vyake kando ya kompresa yangu, akaitambua khanga, akaigonga juu kwa kiganja kama anavyogonga magunia dukani kwake. Na mie, kwa mazoea tu, nikanyoosha mkono nipokee noti yetu.

Akautazama mkono wangu. Akaikunja ile noti, ndogo, ndogo zaidi, akaitia kifuani.

"Zile za Kimara ulikuwa unanipa huku unatazama mashine yako," akasema. "Leo ndiyo umenitunza, mwanangu."

Nikaurudisha mkono. Braza akaja kunisaidia kuipakia kompresa kwenye bajaji, akanishukuru, akaniomba msamaha kwamba hawakuijaribu, akasema zile zake mbili nikizihitaji zipo. Nikamwambia poa, braza. Nikaipakata mpaka Kimara, na njia nzima sikuona wivu kwa kitu chochote cha Msasani, isipokuwa ile noti.